Kupima aina za dengu kwenye shamba lenye mnyauko: mwongozo wa mkulima

Mvua za masika zikielekea ukingoni, maswali ni yale yale: "Nipande dengu gani isiyonyauka?" na "Nipulize dawa gani?" Nianze na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi: hakuna ya kupuliza. Fangasi wa mnyauko fuzari anaishi ndani ya udongo. Anaingilia mizizini, anaziba mirija inayopandisha maji, na dawa unayomwagia majani haimfikii alipo. Dawa ya kupaka mbegu humsaidia mche siku za mwanzo tu. Mbali na kubadilisha mazao, kinga uliyobaki nayo ni mbegu yenyewe.

Swali la kwanza hakuna wa kukujibia kwa uhakika ukiwa umekaa nyumbani, hata muuza mbegu. Watafiti wamekwishatambua makundi manane ya fangasi huyu, na dengu inayolishinda kundi moja inaweza kuangushwa na jingine. Aina iliyosifiwa India au Ethiopia inaweza kulala chini Kwimba. Kwa hiyo jibu lako limo kwenye udongo wako, na hapa naeleza namna ya kulitoa kwa kutumia kipande kidogo cha ardhi, kamba na wembe.

Nimewalenga zaidi wanaolima dengu kwenye udongo mweusi wa mbuga Kanda ya Ziwa, kuanzia Misungwi, Magu na Maswa hadi Kishapu, pamoja na majirani wa Igunga, wanaopanda kwa unyevu uliobaki ardhini baada ya mvua. (Msomaji wa Kenya, sizungumzii ndengu za kijani.)

Kwanza hakikisha kinachoua ni mnyauko fuzari

Usiruke sehemu hii. Wengi huhangaika kutafuta mbegu sugu ya mnyauko kumbe dengu zao zinaliwa na mchwa au zimesimama kwenye maji.

Tafuta mimea mitano au sita ambayo ndiyo kwanza inaanza kulegea. Iliyokwisha kukauka haitakusaidia, kwa sababu mmea mfu huvamiwa na kila kitu na dalili huchanganyika. Ichimbe kwa jembe, usiivute. Pasua shina kwa urefu, kuanzia shingoni, pale linapokutana na udongo, ukishuka hadi kwenye mzizi mkuu.

Ukikuta mzizi kwa nje ni mzima, haujaoza, lakini katikati umepita mstari wa kahawia iliyokolea au mweusi, huo ndio mnyauko fuzari. Juu utakuwa umeona vikonyo vimeinama na majani yamelegea yakiwa bado na ukijani uliofifia. Miche huanza kulala wiki ya nne hivi tangu kupanda. Wimbi la pili huja wakati wa maua, na hapo mara nyingine hunyauka matawi ya upande mmoja tu.

Yapo magonjwa mengine ya fangasi yanayofanana nao:

- Kuoza kukavu kwa mizizi hupenda joto kali na ukame, hasa dengu zikiwa na maua au maganda. Mmea wote hugeuka rangi ya nyasi kavu. Ukiung'oa, mzizi unakatika kama kijiti na ncha yake inabaki ardhini, na vimizizi vya pembeni karibu vyote vimekwisha.
- Kuoza shingo hushambulia miche pale udongo ulipolowa sana na kuna masalia ya mazao ambayo hayajaoza. Utaona nyuzi nyeupe za ukungu kwenye shingo.
- Baka la askokita hukaa juu, kwenye majani, mashina na maganda, likiwa na madoa ya mviringo yenye vitone vyeusi vilivyojipanga duara ndani ya duara. Linataka ubaridi na mvua, kwa hiyo anayepanda mwishoni mwa mvua hukutana nalo mara chache kuliko anayewahi.

Aina inayostahimili mnyauko fuzari haina ahadi yoyote kwako kuhusu haya mengine matatu. Kila ugonjwa una upimaji wake.

Jambo jingine kwa wakulima wa pamba. Mnyauko fuzari wa pamba mnaujua vizuri, lakini fangasi wake, ingawa ni ndugu wa huyu, hashambulii mmea wa dengu. Pamba kunyauka pale mwaka jana si ushahidi kwamba dengu zitanyauka.

Vitu vya kuandaa

- Kipande cha ardhi cha mita 5 kwa mita 9, pamoja na nafasi ya kupita pembeni.
- Aina nne za dengu unazotaka kuzipima, robo kilo kila moja. Za kuanzia zipo: Ukiriguru 1 na Mwanza 1 za punje ndogo za kahawia, na Mwanza 2 na Mwangaza za punje kubwa nyeupe, zote zilizoidhinishwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru, wilayani Misungwi, ndiko pa kuulizia. Mojawapo ya nne zako inaweza kuwa ya kienyeji ambayo jirani anaisifia.
- Nusu kilo ya dengu ambayo umeshaiona ikifa kwa mnyauko kwa macho yako. Tuiite shahidi, kwa sababu ndiyo itakayothibitisha kwamba ugonjwa ulikuwepo.
- Kamba, futi, vigingi, vibao vya kuandikia majina, daftari na penseli. Kalamu ya wino hufutika mvua moja ikinyesha.
- Wembe, mkasi, ndoo ya maji na sabuni.

Mbegu zote ziwe hazijapakwa dawa. Zilizopakwa hutambulika kwa rangi ya waridi, nyekundu au kijani (na haziliwi hata zikioshwa). Ukichanganya zilizopakwa na zisizopakwa, utakuwa unapima dawa huku ukidhani unapima aina.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali pabaya. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linaeleweka: mtu amepewa mbegu mpya, anataka kuipa nafasi nzuri, anaipeleka kwenye ardhi safi iliyopumzika. Inastawi. Anaitangaza kuwa sugu. Mwaka unaofuata anaipanda eka tatu kwenye shamba la zamani na nusu inalala. Aina ile ilikuwa haijapimwa. Usugu huonekana pale tu ugonjwa unapokuwepo, kwa hiyo nenda palipokufa dengu nyingi msimu uliopita, penye mabaka ya vifo, uweke jaribio lako hapo katikati. Ukikosa kumbukumbu, waulize waliopalilia, maana wao hukumbuka mahali hasa. Epuka kichuguu, bondeni panapotuama maji, na kivuli cha mti. Usiuhamishe udongo mgonjwa kwenda shamba safi ili upate mahali pa kupimia. Fangasi huyu hudumu ardhini hata miaka 6 bila dengu kupandwa.

2. Gawa mbegu mafungu mawili. Fungu moja liende kwenye jaribio, jingine libaki nyumbani kwenye chombo kikavu chenye mfuniko na jina. Akiba hiyo ndiyo utakayoizalisha aina ikifaulu. Mbegu itakayovunwa kwenye jaribio haifai kupelekwa shamba jingine, kwa kuwa fangasi huyu husafiri pia na mbegu.

3. Pima uotaji. Funga mbegu 50 za kila aina kwenye kitambaa kibichi, uziangalie baada ya siku tano hadi saba. Aina iliyotoa chini ya 40 ina mbegu mbovu. Tafuta nyingine, la sivyo baadaye hutajua kama mapengo yameletwa na mnyauko au na ubovu wa mbegu.

4. Pima mistari. Kila mstari uwe na urefu wa mita 5, na nafasi ya sentimeta 30 kati ya mstari na mstari. Gawa kipande mafungu matatu yenye mistari saba kila moja, ukiacha njia ya mita moja kati ya fungu na fungu. Ndani ya fungu panga hivi: shahidi, aina, aina, shahidi, aina, aina, shahidi. Kila aina inakuwa na shahidi pembeni yake. Aina ipi ikae wapi, amua kwa kura: andika majina kwenye vikaratasi, mtoto achote, na urudie kura kwa kila fungu. Ukipanga kwa mpangilio ule ule mara tatu, aina moja inaweza kuangukia upande wenye ugonjwa mwingi mara zote tatu na ukaihukumu bure.

5. Panda vyote siku moja. Kumwaga mbegu nyuma ya plau, kama tulivyozoea, hakufai hapa. Vuta kamba, toboa mashimo kila sentimeta 10, weka mbegu mbili kila shimo, sentimeta 5 hadi 8 kwenda chini, ili mradi ziguse udongo wenye unyevu. Kila mstari utakuwa na mashimo 50. Simika kibao, na uchore ramani kwenye daftari siku hiyo hiyo. Vibao hung'olewa na mbuzi na watoto, ramani itabaki kabatini.

6. Punguza, kisha hesabu. Siku ya 12 hadi 14, acha mche mmoja kila shimo. Ule wa ziada ukate kwa mkasi, kwa sababu kuung'oa kunajeruhi mizizi ya mwenzake na kumfungulia fangasi mlango. Hesabu iliyobaki kila mstari, uandike. Namba hii ndiyo msingi wa hesabu zote za mbele. Bila hiyo jaribio limekufa.

7. Tunza mistari yote sawasawa. Palilia mapema na kwa wepesi, bila kukata mizizi. Viwavi wa maganda wakija, wadhibiti kwenye mistari yote. Usimwagilie mstari mmoja kwa huruma, wala usiweke samadi upande mmoja.

8. Kagua kila wiki na upasue kila kinachokufa. Kuanzia siku ya 20, pita mstari kwa mstari. Mmea ulionyauka uchimbe, upasue, andika chanzo: mnyauko, mzizi mkavu, mchwa, kukatwa na wadudu, sijui. Chomeka kijiti mahali pake usije ukauhesabu mara mbili. Jumlisha vifo vya mnyauko mara tatu: siku ya 30 hivi, wakati wa maua, na maganda yanapokomaa. Wakulima wengi huacha kuhesabu baada ya ile ya kwanza, na hapo ndipo aina zinazonyauka kwa kuchelewa huwapita na kuitwa sugu.

   Ukiwa mzizini, tazama na uvimbe. Vinundu vya bakteria, ambavyo ni rafiki, vimebandikwa ubavuni mwa mzizi, hubanduka ukivisugua kwa kidole, na vikiwa hai ndani ni vya waridi. Uvimbe wa minyoo fundo, yaani minyoo wadogo wa udongoni wanaoshambulia mizizi, ni mzizi wenyewe umevimba na haubanduki. Uandike, utauhitaji baadaye.

9. Piga hesabu. Toa kwanza mimea iliyouawa na visivyo mnyauko. Mfano: mstari ulianza na miche 47, mchwa wakaua 3, mnyauko ukaua 6. Msingi ni 44, na 6 kwa 44 ni asilimia 13.6. Fanya hivyo kwa kila mstari, kisha tafuta wastani wa mistari mitatu ya kila aina. Mistari yote ya shahidi ipigie hesabu namna hiyo hiyo.

10. Pima na mavuno. Vuna kila mstari peke yake, pima punje. Aina inayosimama wima mpaka mwisho lakini ikatoa maganda machache haitakulipia ada ya mtoto. Angalia pia soko lako linataka punje gani, maana nyeupe kubwa na kahawia ndogo hazina mnunuzi mmoja.

11. Osha jembe na viatu kila unapotoka humo, kabla hujaingia shamba jingine. Udongo wa mbuga ukilowa unaganda kila mahali, na ndio unaombeba fangasi. Mabaki ya mimea iliyokufa yasitoke kwenye kipande hicho. Kama utapima tena pale pale, yachanganye na udongo wa humo humo. Kama hutarudia, yachome.

Kusoma matokeo

Anza na shahidi kabla ya kuangalia aina yoyote. Kama shahidi wamekufa zaidi ya nusu katika mafungu yote matatu, ugonjwa ulikuwepo na unaweza kutoa hukumu. Kama wamekufa wachache, huna matokeo, hata aina zako zikiwa zimependeza namna gani.

Shahidi wakikubali, aina iliyopoteza si zaidi ya asilimia 10 ndiyo ambayo kwa kawaida watafiti huiita sugu. Iliyopoteza zaidi ya 50 iache. Katikati ni uamuzi, na mimi huutoa hivi: chini ya 20, yenye mavuno mazuri, inapata nafasi ya pili. Juu ya hapo inasubiri mpaka kusiwe na nyingine.

Tofauti ya 6 na 9 usiigombanie. Kwenye mistari ya mimea 50, mimea miwili mitatu ni bahati tu. Tofauti ya 8 na 35 ndiyo ya kuandika.

Rudia msimu wa pili kabla ya kubadilisha mbegu ya shamba zima. Mwaka wenye udongo wa joto huua zaidi kuliko mwaka wa ubaridi, na msimu mmoja unaweza kukudanganya vizuri sana.

Huna eneo la kutosha? Jaza udongo wa shamba gonjwa kwenye ndoo za zamani zilizotobolewa chini, panda mbegu kumi kila ndoo, ndoo tatu kwa kila aina na tatu za shahidi, uziweke palipo na jua. Kwa siku 40 utakuwa umeshazijua dhaifu kabisa. Zinazonyauka kwa kuchelewa hutaziona, kwa hiyo tumia njia hii kuchuja tu. Udongo ukimaliza kazi urudi ulikotoka, usimwagwe bustanini.

Ukikwama

*Shahidi hawakufa.* Huenda mahali si pagonjwa, au ulipanda kukiwa na ubaridi, au mbegu uliyoiita dhaifu siyo. Msimu ujao hamisha jaribio kwenye baka lenye vifo unavyovijua, na chukua mbegu ya shahidi kwa mtu ambaye shamba lake limekufa.

*Kila kitu kimekufa, shahidi na aina zote.* Soma ulichoandika ulipokuwa unapasua. Mistari ya kahawia ikiwa michache na mizizi iliyooza ikiwa mingi, ni maji yaliyotuama au kuoza mizizi. Ikiwa yote ni mnyauko, kubali: aina hizo nne hazifai kwako. Tafuta nyingine kituoni, na ueleze ulichoona, kwa sababu taarifa ya namna hiyo wataalamu wanaihitaji.

*Fungu moja limekufa, mawili yamesimama.* Ugonjwa haujaenea sawa. Tumia fungu lenye shahidi waliokufa kama dokezo, usilitumie kama hukumu.

*Aina iliyosifiwa kuwa sugu imenyauka kwangu peke yangu.* Rudi kwenye ule uvimbe wa mizizi. Minyoo fundo wakizidi, baadhi ya aina sugu hupoteza usugu wao. Kama hakuna uvimbe, mbegu yako inaweza kuwa imechanganywa. Nunua yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, au mbegu za kuazimiwa ubora kutoka kwa kikundi kinachokaguliwa. La tatu ni kwamba una kundi jingine la fangasi, na hilo huwezi kulitambua bila maabara.

*Mimea imekuwa ya njano lakini haijalala.* Pasua. Ukikuta ndani ni nyeupe safi, siyo mnyauko. Mara nyingi ni unyevu uliozidi au mizizi isiyo na vinundu.

*Kwenye dengu za kienyeji yamebaki mashina machache yenye afya katikati ya maiti. Niyatunzie mbegu?* Ndiyo, yanaweza kuwa dhahabu. Dengu hujichavusha yenyewe, kwa hiyo watoto hufanana na mzazi. Vuna kila shina peke yake, usichanganye, na mwaka ujao panda mstari wa kila shina humo humo kwenye shamba gonjwa, shahidi pembeni. Yanayosimama mara ya pili ndiyo yana kitu. Yaliyobaki yalikwepa ugonjwa tu.

*Aina imefaulu misimu miwili. Sasa?* Toa ile akiba ya hatua ya pili, uizalishe kwenye ardhi ambayo haijawahi kuwa na mnyauko. Shamba gonjwa lipe mtama, mahindi au alizeti kwa misimu kadhaa. Usilipe mbaazi ukidhani umebadilisha zao: mbaazi inaweza kumhifadhi fangasi wa dengu kwenye mizizi yake bila yenyewe kuonyesha dalili yoyote.